Sista Komoni na Mikono ya Chumba cha Kupaka

Tarehe 9 Machi 1971, siku ya Jumanne, daftari jipya la wagonjwa lilifunguliwa katika zahanati ya kiwanda cha betri za magari. Hilo halina shaka. Tarehe imegongwa muhuri juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake muuguzi ameandika kwa wino wa bluu kwamba daftari lina kurasa mia mbili, amezihesabu mwenyewe, wala hakuna iliyochanwa.

Muuguzi huyo alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa kifungua mimba kwao. Mama yao alipofariki alimlea mdogo wake wa kike aliyezaliwa miaka kumi na miwili baada yake, akamsomesha kadiri alivyoweza, akamfundisha kufua, kupika na kunyamaza. La kunyamaza halikushika. Binti alisema tangu alfajiri hadi taa ilipozimwa, na majirani wakamwita Chiriku. Dada mtu yeye aliitwa Sista, kama waitwavyo wauguzi wengi, lakini pale kiwandani jina hilo liliota mkia likawa Sista Komoni. Alipoelezea asili ya jina hilo, akiwa amekwisha kutimiza miaka sabini na mitatu, alicheka kidogo, kisha akaomba maji ya kunywa.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja: kitanda cha chuma, meza, kabati la dawa lenye kufuli, na madirisha mawili. Dirisha moja lilitazama uwanjani. La pili lilitoboa ukuta kuelekea chumba cha kupaka, ili mfanyakazi aliyeumia apate dawa bila kuzunguka jengo zima. Kupitia dirisha hilo liliingia pia vumbi. Sista alifuta meza kila asubuhi alipofika. Saa nne, alisema, angeweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole.

Katika chumba cha kupaka walifanya kazi wanawake peke yao. Wakubwa waliamini kwamba vidole vya wanawake ni vyepesi. Walisimama mbele ya meza ndefu, kila mmoja na kibao chake cha mti, wakipaka uji mzito wa madini ya risasi kwenye fremu zenye matundu, jinsi mtu anavyopaka siagi kwenye mkate. Fremu iliyojaa ilipelekwa kukaushwa, nyingine ikashushwa mezani. Mgeni aliyeingia wakati wa chai aliwakuta wote wameshika vikombe kwa mikono miwili, kama watu wanaopokea kitu kutoka kwa mkwe. Walioajiriwa upya waliiga, wakidhani ndiyo adabu ya mahali pale. Walishika kwa mikono miwili kabla hawajahitaji.

Daktari alikuja Alhamisi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kwa saa mbili. Alikuwa na viwanda vingine vitano vya kuzungukia. Mwezi wa Agosti mwaka ule wa 1971, Sista alimwekea mezani orodha ya majina kumi na manne.

"Daktari, hawa mikono yao haisimami. Ukimwambia anyooshe, kiganja kinaning'inia kama kimevunjika, na hakijavunjika."

"Wote wa chumba cha kupaka?"

"Wote."

Daktari alitazama saa yake. "Sista, kwenye viwanda vya betri hiyo ni komoni saiti. Nimeiona mpaka nimeizoea. Mimi hapa nina saa mbili na foleni imefika getini. Vya kila siku viandike hivyo hivyo kwenye daftari, wape vidonge vya maumivu. Mimi niletee vipya."

Akamwandikia maneno yale kwenye kipande cha boksi, herufi kwa herufi, naye akakibandika kando ya dirisha. Ni maneno ya Kiingereza ya kukitajia kitu kinachoonekana mara kwa mara hata hakimshtui tena anayekiona. Sista aliyapenda. Yalikuwa mafupi, yalionekana ya kisomi, na karani wa ofisi aliyaheshimu.

"Kama ningeandika kwa Kiswahili kwamba mkono umelegea," alisema miaka mingi baadaye, "ningeuona mkono. Kwa Kiingereza niliona maandishi tu."

Maneno yalitoka zahanati yakaenea kiwanda kizima. Taa ikiungua: komoni saiti. Nyapara wa chumba cha kupaka akifoka: komoni saiti. Mwanamke akiulizwa hali yake getini asubuhi alijibu, "Komoni saiti tu, mama, wewe je?" na wote wakacheka. Ndipo Sista alipopata mkia wa jina lake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wachache walilijua. Kila mwisho wa mwezi karani alinakili taarifa ya zahanati kwenda kwa wakubwa, na fomu yake ilikuwa na safu ya magonjwa mapya na safu ya ajali. Safu ya mambo ya kila siku haikuwapo. Kwa hiyo kidole kilichokatika mara moja kwa mwaka kilipanda hadi ghorofa ya juu, na mikono iliyolegea kila wiki ilibaki chini. Kadiri kitu kilivyoonekana mara nyingi ndivyo kilivyozidi kutoonekana.

Madaftari manne yaliyosalia yanaonyesha hatua kwa hatua. Katika la kwanza Sista anaandika jina kamili, namba ya kadi, mkono wa kulia au wa kushoto, kisha "common sight". Mwaka 1973 maneno yanakuwa herufi mbili, "c.s." Mwaka 1974 herufi zinakuwa vikoma viwili, alama ya kusema "kama hapo juu". Kuanzia katikati ya 1975 hakuna kitu. Mwanamke alifika dirishani, akanyoosha mkono uliokuwa bado unanyooka, akapokea vidonge, akarudi mezani kwake. Jina halikuandikwa. Daftari la dawa, lililoandikwa peke yake, linaonyesha kwamba katika muda ule ule vidonge vya maumivu viliongezeka mara tatu.

Chiriku aliajiriwa Februari 1974. Dada yake ndiye aliyemwombea kazi, na ndiye aliyemtafutia nafasi chumba cha kupaka, kwa sababu kilikuwa ng'ambo tu ya dirisha lake. Alitaka awe anamwona.

Jumapili ya tarehe 14 Novemba 1976, Chiriku alikuwa amekaa kizingitini kwao akimsuka jirani. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake. Wiki nzima alingoja Jumapili awaweke watu chini ya magoti yake, awasuke na kuwasimulia. Jirani alijipapasa kichwa, akaomba kioo.

"We Chiriku, njia hii umenikatia au umenichorea mto? Mbona inapinda?"

"Kichwa chako ndicho kimepinda, shoga. Mimi nimefuata barabara."

"Barabara ya walevi, labda!"

Chiriku aliangua kicheko, kichwa nyuma, mdomo wazi kwenye jua. Sista alikuwa akianua nguo. Aliona ufizi wa mdogo wake: mstari wa bluu iliyofifia, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, ukifuata mashina ya meno ya chini. Alikuwa ameuona mstari huo katika vinywa vingi vya chumba cha kupaka. Nguo zikamponyoka.

"Nyoosha mkono."

"Dada, leo Jumapili, zahanati imefungwa."

"Nyoosha, nimesema."

Chiriku alinyoosha mkono wa kulia. Ulifika usawa wa bega, ukatulia, na kiganja kikainama polepole hadi vidole vikatazama ardhi. Alijaribu kukiinua. Hakikuinuka.

"Komoni saiti," alisema Chiriku, akitabasamu. "Si ndivyo mnavyoandika?"

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Nimekuja dirishani kwako mara tatu, Dada. Ulinipa vidonge. Hukuinua macho."

Kesho yake Sista alifungia mlango wa zahanati kwa ndani, akayatoa madaftari yote manne. Alijua kinachotakiwa. Mwenye mkono kama ule akitolewa kwenye risasi mapema, mkono hurudi, akichelewa, haurudi. Ili Chiriku atolewe ilihitajika karatasi ya daktari, na daktari angekuja Alhamisi. Alizitafuta zile safari tatu za mdogo wake. Hazikuwapo. Akaanza kuwahesabu na wengine, ukurasa kwa ukurasa, mwaka 1971, mwaka 1972. Hesabu ilikwenda vizuri mpaka ikafika kwenye vikoma, na baada ya vikoma ikafika kwenye weupe.

Nyapara aligonga kioo cha dirisha, wanawake wakisubiri nyuma yake.

"Sista, nasikia unahesabu mikono."

"Nahesabu wagonjwa wangu."

"Hesabu tu, nani kakukataza? Lakini anza na huo ulioshika kalamu."

Akaenda zake. Sista alishikilia kwamba ulikuwa utani, kwamba nyapara yule hakuwa na utani mwingine ila wa namna hiyo. Hata hivyo, mwandiko wa daftari la kwanza umesimama wima kama wa mwalimu, na ule wa daftari la nne umelala, herufi zake zikishuka chini ya mstari kuelekea ukingo wa karatasi. Alipoonyeshwa kurasa hizo mbili pamoja alisema alikuwa na haraka. Alisema hivyo mara mbili.

Jumatano aliandaa orodha ya magonjwa mapya ya kumpelekea daktari. Aliandika jina moja tu, la Chiriku, na mbele yake, kwa Kiswahili: mkono wa kulia umelegea kifundoni, ufizi una mstari. Dirishani alisimama mwanamke mfupi aliyejulikana kama Mama Pacha, mkongwe wa chumba cha kupaka, aliyekuwa pale kabla hata ya zahanati kuwa na kitanda. Alikuja kuchukua vidonge.

"Unaandika nini leo kirefu hivyo?"

"Mambo ya daktari."

"Nisomee. Macho yangu siku hizi ni ya kuazima."

Sista angeweza kudanganya. Alisoma kama ilivyoandikwa. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wangu unaitwaje?"

Sista aligeukia kabati la dawa.

"Mkono wa ndugu yako umepata jina," alisema Mama Pacha. "Wangu miaka mitano una Kiingereza." Kisha akacheka, na wenzake waliokuwa karibu wakacheka pia, ila si kama walivyozoea kucheka. "Haya, nipe vidonge vyangu. Au navyo ni vya ukoo?"

Sista alivuta karatasi akaandika jina la Mama Pacha chini ya la Chiriku. Halafu akafungua dirisha wazi kabisa, akatoa kichwa na kusema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kazini: kesho, daktari akifika, kila ambaye mkono wake hausimami aje. Wote. Waje na kadi zao.

Chumba cha kupaka kilikuwa na wanawake ishirini na saba. Alhamisi ya tarehe 18 walikuja kumi na mmoja. Nyapara alisimama mlangoni. Hakumzuia mtu, alikuwa akilitaja tu jina la kila aliyetoka, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Waliobaki waliinamia fremu zao.

Daktari alipowaona wamejipanga ukutani alikunja uso.

"Sista, hii nini? Mkutano?"

"Waambie wanyooshe mikono, Daktari."

Aliwaambia. Mikono kumi na mmoja ilinyooka, viganja vikaning'inia kimoja baada ya kingine kama nguo mvua kwenye kamba. Daktari alipita mbele yao akiinua kila kiganja kwa kidole kimoja na kukiachia, akitazama kinavyoanguka. Alivua saa yake, akaitia mfukoni.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Siku nyingi si jibu. Wangapi kwa mwezi? Wangapi wamekwisha kuacha kazi kwa ajili ya hili? Nipe daftari."

Alimpa la nne. Daktari alifungua kurasa za mwisho, akarudi nyuma, akarudi tena.

"Hapa sioni kitu."

"Uliniambia vya kila siku nisikuletee."

"Nilikuambia uviandike, Sista."

Hilo lilikuwa kweli, naye alilikubali pale pale, na alilikubali tena alipolisimulia. Alimwonyesha daftari la dawa: vidonge vimeongezeka mara tatu. Daktari alitikisa kichwa. "Vidonge havina majina. Nikiwapelekea wakubwa mikono kumi na mmoja bila daftari, watasema ni ya wiki hii, wataita fundi afungue madirisha, basi. Nitawaandikia barua, lakini siwaahidi kitu." Akatoa kitabu cha fomu mkobani. "Kwa sahihi yangu mwenyewe, bila kupitia ofisini, naruhusiwa kuhamisha mtu mmoja kila ziara. Mmoja. Nani?"

Alimuuliza Sista, kwa kuwa ndiye aliyewajua. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka mezani, mikono bado mbele yao, hakuna aliyekuwa amewaambia waishushe.

"Mwandike Mama Pacha," alisema Chiriku. "Yeye ndiye wa zamani. Ana watoto wawili, mimi sina. Dada, mwandike Mama Pacha."

"Nyamaza, mtoto," alisema Mama Pacha, kushoto kwake. "Mwache dada yako aandike."

Sista aliandika. Katika kisehemu cha fomu kilichobaki na daktari, ambacho kimepatikana, jina limeandikwa kwa herufi kubwa zinazolala, na ni la mdogo wake. "Sikufikiri," alisema. "Nisingesema nilifikiri. Nilikuwa nauona ule mkono wake tu, ya wengine yote ilikuwa imeondoka mbele yangu." Mama Pacha, hata kwa macho yake ya kuazima, alizisoma herufi zile kubwa juu chini, akashusha mkono wake.

"Haya, akina mama," alisema, "fremu zinatungoja."

Walitoka kwa mstari kama walivyoingia. Nyapara aliwahesabu wakirudi.

Chiriku alianza kazi idara ya upakiaji Jumatatu ya tarehe 22 Novemba, upande wa pili wa uwanja, akifunga betri zilizokamilika kwenye maboksi. Mkono ulianza kuinuka baada ya miezi mitano. Baada ya mwaka na miezi miwili aliweza kusuka, ingawa kidole cha kati na cha pete havikurudi sawa. Lakini kwa muda wote huo hakusema na dada yake nyumbani zaidi ya maneno ya lazima: chumvi iko wapi, mlango nimeufunga. Waliishi chumba kimoja chenye vitanda viwili, na majirani waliosikia ukimya ule walidhani kuna msiba. Chiriku alipohojiwa kuhusu siku ile alisema sentensi moja tu: "Alinipenda mimi, na mimi nilijua ni nani alikuwa amesimama kushoto kwangu."

Daktari hakufika Alhamisi ya tarehe 2 Desemba. Tarehe 16 alikuja mwingine, kijana, aliyesema mwenzake amehamishiwa kwingine. Kadi ya Mama Pacha ina maandishi ya mwisho ya Februari 1977: "Ameacha kazi." Sababu haikujazwa. Meza yake ilipata mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Katika picha ya pekee ya chumba kile, iliyopigwa baadaye kidogo, msichana mgeni amesimama mahali hapo, anacheka, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Sista aliendelea na kazi hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1984. Anasema kwamba tangu siku ile ya fomu alikibandua kile kipande cha boksi ukutani, akafungua daftari la tano, na humo akaandika kila mkono uliofika dirishani, jina kamili, namba, tarehe, kwa Kiswahili, bila kufupisha hata herufi moja, hata siku ambazo iliubidi mkono wake wa kushoto uushike wa kulia ili kalamu isianguke. Anasema pia kwamba karani alilichukua daftari hilo mwaka 1979, akieleza kuwa linapelekwa kujalidiwa, na kwamba alipoliulizia aliambiwa lipo njiani.

Madaftari manne ya kwanza yalipatikana ghalani, yamefungwa pamoja kwa kamba. La tano halikuwa pamoja nayo, wala halimo katika orodha ya vitu vilivyokabidhiwa kiwanda kilipofungwa. Barua ya daktari kwa wakubwa haijaonekana. Mama Pacha hakupatikana, wala watoto wake. Idadi ya wanawake waliopita katika chumba cha kupaka baada ya Novemba 1976 haijulikani, na hali ya mikono yao haijulikani.